Makosa ya Wakati katika Tamthilia ya Kihistoria ya Televisheni: Kipimo cha Nyumba ya Ndagara wa Karagwe

1.0 Utangulizi

Tamthilia ya televisheni inayosimulia habari za ukoo katika zama zilizopita hukabiliwa na makosa ya aina mbili. Kosa la mwendelezo hutokea pale ambapo tamthilia hujipinga yenyewe: kundi la ng'ombe wenye pembe ndefu katika onyesho moja huonekana likiwa na ng'ombe wa maziwa wa kisasa katika onyesho linalofuata. Kosa la wakati hutokea pale ambapo kitu, neno au wazo la zama moja hupachikwa katika zama nyingine. Kosa la kwanza hupimwa kwa kuitazama tamthilia peke yake. La pili halipimiki bila ujuzi wa historia.

Makala haya yanadai kwamba uhakiki wa makosa ya wakati umeelemea mno upande wa vitu na kuyasahau mawazo. Ili kulithibitisha dai hilo, tumechukua kisa kimoja kinachofaa sana kutungiwa tamthilia, yaani ugombeaji wa kiti cha Karagwe baada ya kifo cha Omukama Ndagara katika miaka ya 1850. Tunauliza: mtunzi atakayekiandika atakosea wapi?

2.0 Hadhari Kutoka Kwingineko

Suala hili si geni. Mwaka 1976 Alex Haley alichapisha kitabu kiitwacho Roots, na Januari 1977 masimulizi hayo ya ukoo wake yakaonyeshwa katika televisheni ya Marekani kwa usiku nane mfululizo. Mwanahistoria Willie Lee Rose alikuwa amekwisha kukihakiki kitabu hicho. Miongoni mwa mambo mengine, alionyesha kwamba kilimo cha pamba kilichosimuliwa hakikulingana na eneo la Virginia lililotajwa, na kwamba kijiji cha Juffure hakikuwa pahala palipojitenga na biashara ya Wazungu. Tuzingatie kwamba kosa la pamba ni la kitu, ilhali kosa la Juffure ni la wazo: linabadilisha maelezo ya jinsi biashara ya watumwa ilivyoendeshwa.

Kwa upande wetu, Ebrahim Hussein alitahadharisha katika utangulizi wa Kinjeketile (1969) kwamba mhusika wake mkuu ni kiumbe wa sanaa na asichukuliwe kuwa ndiye Kinjeketile wa historia. Hadhari hiyo inamkomboa msanii, lakini haimwondolei wajibu. Msomaji wa kitabu huusoma utangulizi. Mtazamaji wa televisheni huenda akafungulia katikati ya sehemu ya tano.

3.0 Yanayodhaniwa Kuwa Makosa

Tuanze na mambo mawili ambayo mhakiki mwenye haraka angeyakata. La kwanza ni lugha. Tamthilia ikimwonyesha Omukama Rumanyika, mwana wa Ndagara, akiwaamkia wageni kwa Kiswahili, wengi watasema kwamba huko ni kuisogeza nyuma lugha ya taifa. Hata hivyo, John Hanning Speke, aliyefika Karagwe pamoja na James Grant mwezi Novemba 1861, anaandika kuwa Omukama aliwapokea kwa Kiswahili kizuri. Hilo halishangazi, kwani wafanyabiashara kutoka Kaze, yaani Tabora ya leo, walikuwa na kituo chao Kafuro, karibu na makao ya Omukama huko Bweranyange.

La pili ni bunduki. Kwa mujibu wa Speke, Rumanyika aligombea kiti na ndugu yake Rogero, na mfanyabiashara wa Kaze aitwaye Musa Mzuri alimsaidia Rumanyika kwa silaha. Mtunzi atakayewapa ndugu hao mikuki tu, kwa kudhani kwamba ndio uasili, atakuwa ameifuta biashara ya masafa marefu kutoka katika siasa za Karagwe. Hivyo, hofu ya kosa la wakati yaweza kuzaa kosa kubwa zaidi.

4.0 Makosa ya Vitu na ya Majina

Makosa halisi ya kundi hili ni mengi na hayana ugumu kurekebishwa. Mhusika wa mwaka 1855 hawezi kwenda mjini Bukoba, kwa kuwa Emin Pasha alianzisha kituo hicho mwaka 1890. Hawezi kujiita mtu wa Mkoa wa Kagera, jina lililotolewa mwaka 1979 baada ya vita na Uganda, wala wa Wilaya ya Kyerwa, iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Kahawa nayo ilikuwapo magharibi mwa Ziwa Viktoria, lakini kama buni za kutafuna. Shamba la kahawa ya kuuza nje ni la zama za baadaye.

Kuhusu lugha, hapana budi kutofautisha kosa na mwafaka wa sanaa. Wahusika wa Kinyambo kuzungumza Kiswahili sanifu wao kwa wao ni mwafaka, ambao mtazamaji anaukubali tangu mwanzo. Lakini kumwita Omukama "Mheshimiwa" ni kosa, kwa sababu neno hilo linaleta barazani uhusiano wa mtawala na raia ambao si wa wakati ule.

5.0 Kosa la Wazo

Kosa zito kuliko yote halionekani kwa kamera. Tuchukulie kwamba mzee wa barazani anawaambia wana wa Ndagara kuwa wao Wahinda ni wageni kutoka Uhabeshi, wa damu tofauti na wakulima wanaowatawala. Mavazi yake ni sahihi, na ngoma iliyo nyuma yake ni sahihi. Hata hivyo, wazo hilo ni la Speke, aliyelitoa kitabuni mwaka 1863 kama nadharia yake mwenyewe, akitegemea maumbile ya watu aliowaona. Masimulizi ya Karagwe yanamhusisha mwanzilishi wa ukoo huo, Ruhinda, na Wachwezi, na yanawataja Wasiita kuwa watawala waliomtangulia. Huo ni mjadala wa koo na uhalali wa kutawala, si wa jamii za kimaumbile.

Madhara ya wazo hilo yanajulikana. Mwezi Novemba 1992 mwanasiasa wa Rwanda, Léon Mugesera, alihutubia akitaka Watutsi warudishwe Uhabeshi kwa njia ya mto Nyabarongo. Maji ya Nyabarongo huingia mto Kagera, ambao ni mpaka wa Karagwe na Kyerwa na Rwanda. Mwaka 1994 mto huo ulibeba maiti hadi Ziwa Viktoria, na wakimbizi wakaingia Ngara na Karagwe. Mtunzi anayeliweka wazo la mwaka 1863 kinywani mwa mzee wa miaka ya 1850 analipa umri na uzawa ambao halina.

6.0 Hitimisho

Tumeonyesha kwamba orodha ya vitu haitoshi kuwa kipimo cha usahihi wa tamthilia ya kihistoria. Pamoja na kuuliza kitu fulani kilianza lini, mhakiki aulize kila kauli ya mhusika ilianza kusemwa lini, na nani aliyeisema kwanza. Saa iliyosahauliwa mkononi mwa mwigizaji humchekesha mtazamaji, naye huitambua papo hapo. Wazo lililopachikwa humfundisha, naye huondoka akiamini kwamba amesikia sauti ya wazee wake.