Majuma Mawili Nchini Italia: Mwongozo kwa Msafiri Atokaye Kikambala

Watu wa mwambao wetu, tangu Mtwapa hata Ngomeni, hawana haja ya kuelezwa Mwitalia ni nani, kwani wameishi naye kwa zaidi ya nusu karne: tarehe 26 Aprili 1967, kutoka katika jukwaa lililosimikwa baharini mbele ya Ngomeni, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Roma, wakiongozwa na Profesa Luigi Broglio, walirusha angani setilaiti ya San Marco 2, na katika miongo iliyofuata Malindi na Watamu zikajaa majumba na mikahawa ya Waitalia, hata ikawa mchuuzi wa ufukweni apatana bei kwa Kiitalia pasipo kuingia darasani. Hata hivyo, aghalabu wao ndio wasafirio na sisi ndio tupokeao. Kijitabu hiki kimeandikwa kwa ajili ya mwenyeji wa Kikambala, awe mpishi wa hoteli, mwalimu, nahodha wa mashua ya wageni, au mama aliyealikwa na rafiki yake wa miaka mingi, ambaye safari hii ataka kuwa yeye mgeni: aende Italia kwa majuma mawili, azuru mikoa kadhaa, kisha arejee kwake kwa heshima na salama.

Wakati wa kwenda, na wakati wa kuomba

Masika yaingiapo, tangu Aprili hata Juni, hoteli zetu hupungukiwa na wageni, na wafanyakazi wengi hupewa likizo, baadhi yao bila ya mshahara. Kwa bahati njema, huo ndio wakati mzuri wa kuiona Italia, kwa kuwa mchana umekwisha kurefuka na joto ni la wastani. Ilhali mwezi wa Agosti, hususan siku ya tarehe 15 waiitayo Ferragosto, maduka mengi ya mijini hufungwa, na wenye mji wakakimbilia pwani na milimani.

Lakini ndani ya bahati hiyo mna mtego. Mwombaji wa viza hutakiwa aoneshe kwamba ana kazi ya kumrudisha nyumbani, na barua ya mwajiri pamoja na hati za mshahara huwa na nguvu zaidi zikiandikwa wakati hoteli imejaa, kuliko zikiandikwa wakati mwenye barua amekwisha pelekwa nyumbani kungoja msimu. Kwa hiyo anayekusudia kusafiri mwezi wa Mei na ayakusanye makaratasi yake Januari au Februari, kaskazi ingali ikivuma. Sheria yamruhusu kupeleka maombi tangu miezi sita kabla ya safari, na yamtaka asipitishe siku 15 za mwisho. Majibu hutolewa aghalabu katika siku 15, ila yaweza kuchukua hata siku 45 jambo likihitaji uchunguzi.

Viza haitolewi Malindi wala Mombasa. Mwombaji hana budi kufika Nairobi mwenyewe ili alama za vidole vyake zichukuliwe, nazo zikisha chukuliwa huhifadhiwa kwa miezi 59, na aombaye tena ndani ya muda huo kwa kawaida hasumbuliwi kwa jambo hilo. Pasipoti yatakiwa iwe imetolewa ndani ya miaka kumi, iwe na kurasa mbili tupu, na muda wake uendelee walau miezi mitatu baada ya siku ya kutoka Ulaya. Bima ya matibabu iwe ya kiasi kisichopungua euro 30,000. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na ombi likikataliwa ada hairudi. Basi yeyote akuambiaye kwamba atakupatia viza kwa hakika ukimzidishia fedha, muache aende zake.

Mintarafu ya masurufu, serikali ya Italia imeweka kiwango chake tangu mwaka 2000: msafiri wa peke yake, akikaa baina ya siku 11 na 20, huhesabiwa euro 51.64, tena euro 36.67 kwa kila siku, ambazo kwa siku 14 jumla yake ni euro 565 na senti kidogo. Hicho ni kiwango cha chini cha kisheria, wala hakitoshi maisha ya Roma au Venezia kwa mtu alipaye malazi na chakula mwenyewe. Aliyealikwa naye asidhani kwamba barua ya rafiki yamaliza kila kitu, kwani afisa bado ataitazama akaunti ya benki. Tena mwenyeji huyo, mgeni afikapo nyumbani kwake, apasiwa na sheria kuiarifu polisi au manispaa ndani ya saa 48. Ni vyema kumkumbusha kwa upole, maana Waitalia wengi hawaijui sheria hii ya kwao.

Vituo vitatu vyatosha

Italia ina mikoa 20, na kosa la wengi ni kutaka kuionja yote. Msafiri hulala Milano leo, Firenze kesho, Napoli keshokutwa, akarudi Kikambala akikumbuka steshini tu. Shauri letu ni vituo vitatu kwa siku 14 zenye usiku 13: Roma siku nne, Venezia siku tatu, usiku mmoja ndani ya treni, Sisilia siku nne, kisha tena Roma kwa kulala usiku wa mwisho. Napoli na Firenze hazikosekani kabisa, kwani treni ya kasi huzifikia kutoka Roma kwa muda wa saa moja hadi moja na nusu, na mtu aweza kwenda asubuhi akarudi jioni.

Roma kila mtu ana chake. Mkristo atapenda kujua kwamba Papa hukutana na mahujaji siku ya Jumatano, na tikiti za mkutano huo hazilipiwi. Mwislamu atauona msikiti mkubwa uliofunguliwa mwaka 1995, kazi ya msanifu Paolo Portoghesi, wenye nguzo zilizotanda matawi juu mfano wa minazi. Venezia ndiko kwenye kisiwa cha Murano, ambacho mafundi wake wa vioo walitengeneza shanga zilizofika hadi pwani yetu na kuingia bara na misafara ya biashara; na katika Maktaba ya Marciana imewekwa ramani ya dunia ya mtawa Fra Mauro, ya mnamo mwaka 1450, iliyochorwa kusini kukiwa juu, hata Afrika yetu ikawa upande wa kichwani.

Lakini ikiwa hatuna ruhusa ila ya kusifu mahali pamoja, tutasifu Sisilia. Waislamu waliutwaa mji wa Palermo mwaka 831, Wanormani wakauchukua mwaka 1072, na wafalme wao waliofuata hawakuwafukuza mafundi na wanazuoni waliowakuta, bali waliwatumia. Katika kanisa la kasri ya Palermo, dari ya mbao imechongwa na kuandikwa kwa khati ya Kiarabu. Ni katika ufalme huo huo, kwa amri ya Mfalme Roger wa Pili, Sharif al-Idrisi alikamilisha mwaka 1154 kitabu chake cha jiografia ya dunia, ambamo pwani ya Zanj imeelezwa na wataalamu wengi husoma humo majina ya Malindi na Mombasa. Mtu wa kwetu asimamapo mjini humo, asijione kuwa mgeni kupita kiasi.

Njia ya kwenda huko nayo ni tamasha: treni ya usiku itokayo Roma, ifikapo Villa San Giovanni, hukatwa mabehewa, yakasukumwa ndani ya tumbo la meli na kuvushwa hadi Messina, abiria wakiwa wamelala. Sisi tuliozoea kusimama Likoni juani tutaionea wivu.

Chakula na tahadhari ndogo ndogo

Sisilia ina samaki kwa wingi, na kuskusi yao hupikwa kwa mchuzi wa samaki. Mjini Mazara del Vallo wako Watunisia wengi. Asiyekula nguruwe na aulize juu ya mafuta yaitwayo strutto, ambayo huingia katika mikate na vitamu kadha wa kadha, hata vile vya jibini vipendezavyo macho. Tikiti ya karatasi ya treni ya mkoa lazima igongwe muhuri katika mashine kabla ya kupanda. Asiyefanya hivyo hutozwa faini, na kusema hakujua hakumsaidii. Atakayetua kwanza Ufaransa au Uholanzi kabla ya kuingia Italia hupasiwa kuripoti polisi ndani ya siku nane, isipokuwa alalapo hotelini, ambako wenye hoteli humwandikisha.

Na jambo la migomo: huko wafanyakazi wa reli hugoma mara kwa mara, ila hutangaza mapema, na siku za kazi treni za mikoa huhakikishwa baina ya saa kumi na mbili na saa tatu za asubuhi, na tena saa kumi na mbili hadi saa tatu za usiku. Kwa sababu hiyo tumeupanga usiku wa mwisho uwe Roma, na wala si Palermo.