Pilipili Nyekundu Katika Chakula cha Nyumbani



Wengi wenu katika skimu hupanda pilipili kwa ajili ya soko. Ni desturi ya siku nyingi: huko Perkerra, Baringo, ambako skimu ilianzishwa mwaka 1954, wakulima walipanda vitunguu na pilipili miaka mingi kabla ya kugeukia mahindi ya mbegu. Mwezi huu hatusemi habari za bei. Twasema juu ya zile chache zinazostahili kubaki jikoni kabla gunia halijashonwa.

Yafaa ujue kwanza kwamba pilipili ya kijani na nyekundu ni tunda lile lile. Nyekundu ni ile iliyoachwa ikaiva, na katika kuiva huongeza karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A ya kulinda macho na kuzuia maradhi. Karotini huhitaji mafuta ndipo mwili uipokee. Kwa hiyo mama anayekaanga pilipili na kitunguu katika mafuta kidogo hakosei.

Tena iko vitamini C. Mtaalamu Albert Szent-Györgyi aliipata kwa wingi katika pilipili za kwao Hungaria, na mwaka 1937 akapewa Tuzo ya Nobel. Gramu 100 za pilipili kali nyekundu mbichi zina miligramu 140 hivi, na chungwa la uzito huo lina kama 50. Lakini tusidanganyane. Ni nani awezaye kula gramu 100 za pilipili kali? Moja ya gramu 10 hutoa miligramu 14 hivi, na mtu mzima ahitaji kama 45 kwa siku. Basi pilipili ni msaidizi tu; sukuma wiki na mapera yabaki mahali pake.

Msaada wake mkubwa ni katika damu. Nyumba nyingi hula ugali, maharagwe, kunde na mboga za majani, wala nyama haionekani kila siku. Vyakula hivyo vina madini ya chuma yanayotengeneza damu, ila mwili huyapokea kwa shida. Vitamini C ikiwamo katika mlo ule ule, mwili hupokea chuma zaidi. Jambo hili ni kubwa kwa mama mwenye mimba, kwa maana akipungukiwa damu, siku ya kujifungua huwa na hatari kwake na kwa mtoto. Moto mwingi huharibu vitamini C, kwa hiyo katakata pilipili mbichi katika kachumbari ya nyanya na kitunguu, uile pamoja na maharagwe. Na ile chai ya papo hapo baada ya chakula ingoje saa moja, kwani chai huzuia chuma kisipokewe. (Najua hapa wengi watanuna.)

Ukali wa pilipili hutoka katika kitu kiitwacho kapsaisini, ambacho hukaa zaidi katika utando mweupe unaoshika mbegu, si katika mbegu zenyewe kama watu wasemavyo. Asiyependa ukali autoe utando huo. Mdomo ukiwaka, kunywa maziwa. Maji hayasaidii, kwa sababu kapsaisini huyeyuka katika mafuta. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kushika mtoto au kugusa macho.

Wako wasemao pilipili huleta vidonda vya tumbo. Vingi husababishwa na vijidudu au na vidonge vya kutuliza maumivu. Hata hivyo, mwenye vidonda au kiungulia akiona inamzidishia maumivu, aiache. Wala pilipili haitibu malaria: mwenye homa apelekwe zahanati akapimwe damu.

Za kukausha zichume zikiwa nyekundu kabisa, uzianike juu ya kichanja au mkeka safi, si juu ya udongo, na jioni uziingize ndani. Zikikauka hupoteza sehemu kubwa ya vitamini C. Zenye ukungu zitupe, wala usizisage ukafiche kasoro, maana ukungu waweza kuleta sumu ya aflatoksini, ile ile iliyokuwa katika mahindi yaliyoua watu 125 huku Kenya mwaka 2004. Pilipili iliyokauka sawasawa huvunjika ukiikunja, na ukiitikisa sikioni wasikia mbegu zikicheza ndani.