Nani Amempindua Nani? Neno "Mapinduzi" katika Riwaya Mbili za Adam Shafi

Kabla ya kujiunga na masomo ya uzamili, mwandishi wa makala haya alifundisha Kiswahili katika kaunti ya Migori, si mbali na mpaka wa Isebania. Siku moja mwanafunzi wa kidato cha tatu, ambaye mamake alikuwa akiuza nafaka ng'ambo ya pili, Sirari, aliuliza: "Mwalimu, chama kinachotawala Tanzania kinaitwa Chama Cha Mapinduzi. Kinampindua nani, ilhali serikali ni yake?" Darasa zima liliangua kicheko. Mwalimu hakucheka, kwani hakuwa na jibu.

Swali hilo ni la kisarufi kabla ya kuwa la kisiasa. Kwa wavuvi wa Mbita na Kendu Bay, katika kaunti jirani ya Homa Bay, shina la neno hili si geni: mtumbwi hupinduka. Hapo kauli ni ya kutendeka, na upepo haushtakiwi. Serikali, kwa upande wake, hupinduliwa. Pana mtenda na mtendwa. Lakini kitenzi kinapozaa nomino "mapinduzi", wote wawili hutoweka. Isitoshe, nomino hiyo moja hubeba mambo mawili yasiyolingana: umma kuung'oa ufalme, kama walivyofanya Wafaransa kuanzia 1789, na wanajeshi kujaribu kuutwaa utawala, kama ilivyotokea Kenya tarehe 1 Agosti 1982.

Zanzibar ilipata uhuru tarehe 10 Desemba 1963 chini ya Sultani Jamshid bin Abdullah. Tarehe 12 Januari 1964 alipinduliwa. Sauti iliyovuma redioni ilikuwa ya John Okello, mzaliwa wa Uganda. Miezi michache haikupita naye akazuiwa kurejea visiwani, na hatamu zikabaki mikononi mwa Abeid Amani Karume. Mtenda alikuwa ameanza kubadilika.

Katika Kasri ya Mwinyi Fuad (1978), Adam Shafi anatuonyesha upande wa kwanza wa tukio hili. Bwana shamba na watumishi wake wanakabiliana, na msomaji hana shaka ni nani anayestahili kupinduliwa. Katika Haini (2003), mambo yamegeuka. Kiongozi wa nchi ameuawa, na Hamza yumo gerezani. Tunajua kwamba Karume aliuawa tarehe 7 Aprili 1972, na kwamba Shafi mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliotiwa kizuizini. Wahakiki wengi huitenga riwaya ya kwanza kama ya kitabaka na ya pili kama ya gereza. Kwa maoni yangu, na niwie radhi kwa ujasiri huu wa kijana, hizi ni juzuu mbili za kisa kimoja.

Tazama neno "haini". Zamani haini alikuwa anayemsaliti mfalme. Katika riwaya hii mfalme hayupo, lakini haini yupo. Basi anamsaliti nani? Anayasaliti mapinduzi. Ile nafasi ya mtenda iliyoachwa tupu na nomino imepata mwenyewe: dola imejifanya mmiliki wa mapinduzi, na ndiyo inayoamua nani ameyasaliti. Wafaransa waliyaona hayo. Mfalme Louis wa 16 alikatwa kichwa Januari 1793. Aprili 1794 akafuata Danton, mmoja wa viongozi wa mapinduzi yenyewe, kwa tuhuma za kula njama dhidi ya Jamhuri. Zanzibar nako, Abdallah Kassim Hanga, aliyekuwa katika uongozi wa juu wa serikali ya 1964, aliuawa 1969.

Tofauti ipo. Ufaransa ilimrudisha mfalme mwaka 1814, ndugu wa yule aliyeuawa. Jamshid alifariki Oman mwishoni mwa 2024 bila kukikalia tena kiti chake, na serikali ya visiwani bado huitwa Serikali ya Mapinduzi. Rais wa Zanzibar alichaguliwa kwa kura kwa mara ya kwanza mwaka 1980, miaka 16 baada ya Sultani kuondoka.

Chama alichokiulizia mwanafunzi wangu kilizaliwa tarehe 5 Februari 1977, TANU na Afro-Shirazi zilipoungana. Ningekuwa tena mbele ya darasa lile, ningewasomesha Kasri na kisha Haini bila kungoja muhula mwingine, nao wapigie mstari kila penye "pindua", wakiandika pembeni: nani, na nani.