Tujifunze Rangi kwa Kuchora Mandhari



Wapenzi wanafunzi na wazazi wetu, somo letu la mwaka huu linahusu rangi: namna zinavyochanganyika, namna zinavyobadilika kwa umbali, na namna tulivyojifunza hayo kwa mchezo wa kuchora kwa rangi za maji. Tutaanza na kosa letu sisi walimu, kwa kuwa somo lote limetokana na kosa hilo.

Tuliwapa wanafunzi wa darasa la pili kazi ya kuchora mandhari ya kwetu Muheza. Binti mmoja alichora shamba la michungwa, minazi miwili, na nyuma yake milima ya Usambara upande wa Amani. Milima aliipaka buluu. Tukachukua kalamu nyekundu tukaandika pembeni: "Milima ina miti. Miti ni ya kijani. Rudia." Mtoto akasema kwa sauti ndogo, "Maalim, mimi naiona hivyo." Hatukumsikiliza. Jumamosi mbili zilizofuata hakuonekana. Ya tatu alikuja na bibi yake. Bibi yule, baada ya salamu, hakulalamika wala hakuuliza habari ya alama. Alisema tu, "Maalim, hebu toka nje mara moja."

Tukatoka. Ilikuwa saa tatu asubuhi, mvua imekatika, na milima ilikuwa ya buluu. Miaka yote tunaishi chini yake na hatukuwahi kuitazama. Tulimwomba radhi mtoto mbele ya wenzake, karatasi yake tukaibandika ukutani, na somo likaanza upya.

Sababu yake ni hii. Majani ya miti ya Amani ni ya kijani, na anayepanda huko atayakuta hivyo. Lakini kati ya jicho lako na mlima pana hewa nyingi. Hewa huutawanya mwanga wa jua, na mwanga wa buluu hutawanyika zaidi kuliko mwekundu. Ndiyo sababu mbingu huonekana ya buluu mchana. Buluu hiyo hiyo hujipanga mbele ya mlima kama pazia jembamba, na kadiri mlima ulivyo mbali ndivyo pazia linavyozidi kuwa zito na mlima unavyozidi kupauka. Kwa mchoraji kanuni yake ni nyepesi: mti wa karibu uongeze njano, wa mbali uongeze buluu na maji. Jaribuni safu tatu za vilima kwa namna hiyo, mtaona karatasi imepata kina.

Katika Surat Faatir, aya ya 27, Mwenyezi Mungu (S.W.) anataja njia za milimani zenye weupe, wekundu na weusi mkubwa. Aya hiyo tumeisomesha mara nyingi. Hata hivyo kalamu yetu nyekundu iliupa mlima rangi moja tu.

Tulikuwa na boksi moja la rangi kwa darasa zima. Tukafunika rangi nyingine zote, tukaacha tatu: nyekundu, njano na buluu. Hizi ndizo huitwa rangi za msingi. Njano na buluu huzaa kijani, nyekundu na njano huzaa rangi ya chungwa, nyekundu na buluu huzaa zambarau. Kuyakariri haya ni kazi ya dakika tano, na mtoto huyasahau kwa dakika hizo hizo. Kwa hiyo tukafanya mchezo. Kila mwanafunzi alikwenda kuchuma jani moja: la mchungwa, la mgomba, la muhogo, la mnazi. Kisha atengeneze kijani cha jani lake hasa, alipake kwenye karatasi na kuliweka jani juu yake. Jani likipotea, ameshinda.

Hapo ndipo kelele zilipoanza! Kijani cha mgomba mchanga kilitaka njano nyingi. Jani la mchungwa lilimshinda kila mmoja, likionekana kali mno, mpaka mmoja alipotia tone la nyekundu kwa bahati mbaya na kijani kikatulia. Lugha yetu imeipa rangi jina la jani, lakini haikusema jani la mti gani.

Tone lile la nyekundu lilitufikisha kwenye jambo kubwa la somo. Kila rangi ya msingi ina mpinzani wake, yaani ile inayozaliwa na zile mbili nyingine. Nyekundu hupingana na kijani, buluu na rangi ya chungwa, njano na zambarau. Wapinzani wakiwekwa jirani, kila mmoja hung'aa zaidi. Wakichanganywa, huuana na kuwa tope. Mvulana mmoja alichanganya zote tatu akapata tope kabisa, akataka kulimwaga. Tulimzuia. Kwa tope lile alipaka vigogo vya michungwa na kivuli cha chini yake, na picha yake ikawa nzuri kuliko zetu. (Machungwa yenyewe yalituletea ubishi, maana mengi ya Muheza huiva yakiwa bado na kijani.)

Nyeupe hatukutumia. Katika rangi za maji weupe ni karatasi yenyewe: wingu ni pale ambapo hukupaka. Lowesha karatasi kwa maji matupu, gusa buluu kwa ncha ya brashi, uiache itembee. Usiisukume.

Wakubwa kidogo walitengeneza pia ya kadibodi, nusu njano na nusu buluu, wakaizungusha wakitarajia kijani. Ikatoka kijivu! Hapo rangi hazikuchanganyika kwenye maji, bali jicho ndilo lililochanganya mwanga unaotoka kwenye rangi mbili. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra takriban mwaka 965, aliandika habari za pia yenye rangi nyingi inavyoonekana rangi moja ikizunguka, katika Kitab al-Manazir.

Wazazi wawili walituuliza kama kuchora kunafaa madrasa. Ni swali la haki. Katika Sahih Bukhari imepokewa kwamba mtu aliyekuwa akiishi kwa kazi ya picha alimwendea Ibn Abbas (R.A.), naye akamwelekeza achore miti na kila kisicho na roho. Ndiyo maana tunachora mandhari, na ng'ombe wa mzee wa jirani, ingawa huingia shambani kila siku, kwenye picha haingii.

Zoezi la likizo: chagua sehemu moja inayoonekana kutoka mlangoni kwenu. Ichore mara tatu kwa rangi tatu zile zile: baada ya Alfajiri jua likichomoza, saa sita mchana, na kabla ya Magharibi. Asiye na brashi atafune ncha ya kijiti cha mswaki. Asiye na njano achukue manjano ya jikoni, akoroge na maji, lakini picha asiianike juani, kwani rangi hiyo hupauka upesi. Michoro iletwe Jumamosi ya kwanza ya muhula. Kalamu nyekundu tumeiacha nyumbani.