Somo kwa Wazee na Wainjilisti: Mwaka wa Utumishi Ugenini
(Someni Yohana 13:1-17)

Siku hizi wazazi wa Tunduma, Vwawa na Mlowo hutujia wachungaji na neno hili: mwana wao anataka kwenda Ujerumani kutumika mwaka mmoja kwa kujitolea; je, ni jambo jema? Mmoja auliza kwa furaha, akidhani nyumba yake imepata utajiri. Mwingine auliza kwa hofu. Yafaa tujue jambo hili lilitoka wapi, na mtu huyo afanya kazi gani tangu asubuhi hata jioni.

Mwaka 1954 Hermann Dietzfelbinger, aliyekuwa mkuu wa nyumba ya mashemasi wa kike huko Neuendettelsau katika jimbo la Bavaria, aliwaita vijana wa Kanisa, hasa wasichana, watoe mwaka mmoja wa ujana wao kuwahudumia wagonjwa na wazee. Shauri hilo la Walutheri likaenea, na mwaka 1964 serikali ikalitungia sheria. Wakati huo walitumika kwao wenyewe. Mwaka 2008 serikali ya Ujerumani ikaanzisha mpango uitwao weltwärts wa kuwapeleka vijana wao nchi za mbali, nao wengi wamefika Tanzania. Njia ikawa ya upande mmoja hata mwaka 2013, ndipo mlango ulipofunguliwa ili vijana wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini nao waende kutumika kule. Mimi nasema ulichelewa kufunguliwa. Ndugu wakitembeleana, haifai mmoja awe mgeni siku zote na mwingine mwenyeji siku zote.

Wala msidhani kwamba kutumika ugenini ni jambo geni mpakani hapa. Karibu na Nakonde, ng'ambo yetu, iko Mwenzo, kituo cha misheni ya Waskoti wa Livingstonia. Misheni hiyo hiyo mwaka 1904 ilimtuma David Kaunda, Mtonga wa Nyasa, kwenda kwa Wabemba upande wa Chinsali. Alikaa kati ya watu wasio wa kabila lake, akafundisha, akabarikiwa kuwa mchungaji, akafa huko mwaka 1932. Mwanawe Kenneth ndiye aliyekuwa rais wa kwanza wa Zambia. Yeye alikwenda kwa miguu. Vijana wetu huenda kwa ndege. Lakini ugeni ni ule ule.

Sasa tutazame siku moja ya kijana huyo, katika nyumba ya wazee. Zamu ya asubuhi huanza yapata saa kumi na mbili. Mwezi wa Desemba kule jua halijachomoza hata saa mbili, nalo huzama yapata saa kumi jioni. Sisi tuliozoea mchana na usiku ulio karibu sawa mwaka mzima, hatuwezi kulifikiri giza hilo vema. Baadhi ya vijana huona huzuni bila kujua sababu. Afika kazini kabla ya saa, maana kuchelewa kidogo tu huhesabiwa kama kumdharau mwenzako wa zamu ya usiku. Asikia habari za wazee jinsi walivyolala. Kisha amwamsha mzee, amwosha, amvika nguo, amfunga vifungo, ampa mkate na kahawa, amsukuma katika kiti chake cha magurudumu. Wengi wa wazee hao wana ugonjwa wa kusahau. Leo wamjua, kesho wauliza yeye ni nani.

Hapa ndipo Yohana 13 inapotufaa. Sisi tumezoea kumtazama Bwana aliyejifunga kitambaa, tukasema, Kumbe kuosha miguu ni unyenyekevu. Lakini mtazameni Petro. Yeye alikataa kuoshwa. Katika nyumba za wazee wako akina Petro wengi: mtu aliyekuwa fundi au mwalimu, mwenye kuamuru wengine, sasa aoshwa na kijana wa Mbozi ambaye Kijerumani chake bado ni cha kusitasita. Wako wanaomfukuza siku za kwanza, wengine kwa aibu, wengine kwa sababu ya rangi yake, wala tusilifiche. Atakuja tena kesho yake. Vijana waliorudi hutusimulia kwamba mwisho wa mwaka mzee yule yule huuliza, Mbona leo amechelewa? Hiyo si hadithi ya kila nyumba, lakini hutokea.

Siku ya Bwana huwa ngumu kuliko walivyotazamia. Maduka yamefungwa, barabara kimya. Ibada yapita saa moja tu, watu ni wachache, na wengi wao wana mvi. Hakuna mnada wa kuku na mahindi baada ya ibada, maana Mkristo kule hulipa kodi ya kanisa, ambayo ni asilimia 8 au 9 ya kodi yake ya mapato, nayo hukusanywa na serikali. Kijana akidhani kwamba imani imekufa kule, na angoje kwanza kuhukumu. Nyumba ile anayofanya kazi ni tunda la imani hiyo.

Juu ya fedha niseme wazi, maana hapa ndipo tunapowaumiza watoto wetu. Kijana huyo hapokei mshahara. Hupewa mahali pa kulala, chakula au fedha ya chakula, bima ya matibabu, na fedha kidogo ya mfukoni. Mjomba akimwandikia kuomba bati, na shangazi ada ya shule, na rafiki simu, atalia usiku, au atatafuta kazi ya siri na kuivunja sheria ya nchi. Wazee wa usharika na wawaonye jamaa kabla hajaondoka.

Naye kijana ajue haki yake. Kwa sheria ya utumishi wa kujitolea ya mwaka 2011, mwenye kujitolea ni msaidizi; hawekwi badala ya mfanyakazi wa mshahara. Ana siku 25 za mafunzo katika miezi 12. Akiachwa peke yake na wodi nzima usiku, na aseme, tena kwa mtu aliyewekwa kumwangalia. Utumishi si utumwa.

Mwisho niwakumbushe tunapokaa. Mji wetu ni wa malori na wapita njia. Tangu mwaka 2019 forodha za Tunduma na Nakonde zafanya kazi pamoja, na watu hupita upesi. Pamoja na wafanya biashara waaminifu huja na mawakala wenye maneno matamu, nao wamejifunza kutaja hata jina la Kanisa. Tanzania ina sheria ya kuzuia biashara ya kuuza watu tangu mwaka 2008, lakini sheria haisomi mkataba kwa niaba ya mzazi. Basi mwinjilisti na aketi na wazazi, wausome wote. Mkataba wa kweli hutajwa ndani yake kazi, mahali, miezi, na mwenye kulipa nauli; tena hutiwa sahihi kabla ya safari. Ofisi ya dayosisi yamjua mwenye kumpokea. Viza huombwa kwa ubalozi wa Ujerumani, Dar es Salaam, si kwa mtu wa kituo cha basi. Akitokea mtu anayedai fedha nyingi ya kutafuta nafasi, au anayetaka kushika pasipoti ya kijana, mkutano huo ufungwe hapo hapo, na habari zipelekwe kwa mchungaji na polisi siku ile ile.