SOMO LETU: TUPANGE SAFARI YA ALDABRA, KISIWA CHA KOBE

Mwezi wa Desemba mwaka 2004 kobe mmoja mkubwa alionekana akitoka baharini pale Kimbiji, kusini ya Dar es Salaam. Huyu hakuwa kasa. Kasa ni mnyama wa bahari, na miguu yake ni kama makasia. Huyu alikuwa kobe wa nchi kavu, mwenye miguu minene ya kutembelea. Alikuwa amekonda sana. Miguuni alikuwa ameotewa na vile viumbe vyenye magamba vinavyoshika mashua iliyokaa majini siku nyingi. Wataalamu walipomchunguza walisema ametoka Aldabra, akaelea baharini kwa wiki kadhaa. Kutoka Aldabra mpaka Kimbiji ni kama kilometa 740.

Kobe yule hakupanga safari. Alichukuliwa na maji. Lakini sisi tukitaka kwenda kwao hatuwezi kwenda hivi hivi tu. Hebu leo tuipange safari hiyo pamoja, hata kama wengi wetu hatuna nauli yake.

Kwanza tujue tunakwenda wapi. Chukueni ramani. Weka kidole pwani kati ya Kilwa na Lindi, halafu kivute kuelekea mashariki ndani ya Bahari ya Hindi. Kaskazini ya Bukini utaona nukta ndogo. Hiyo ndiyo Aldabra. Ni mali ya nchi ya Shelisheli. Lakini kutoka Mahé, kwenye mji mkuu wa nchi hiyo, mpaka Aldabra ni zaidi ya kilometa 1,000. Kumbe sisi tu majirani wa karibu zaidi kuliko mji wao mkuu!

Aldabra ni atoli. Atoli ni nini? Zamani sana mlima wa moto uliinuka kutoka chini ya bahari. Matumbawe yakaota kuuzunguka. Polepole mlima ukadidimia, lakini matumbawe yakazidi kujijenga juu kufuata mwanga wa jua. Mwisho mlima ukazama wote, ikabaki pete ya matumbawe na bahari ndogo katikati yake. Mtaalamu Charles Darwin wa Uingereza alieleza jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1842.

Pete ya Aldabra ina urefu wa kilometa 34 hivi, nayo imekatika ikawa visiwa vinne vikubwa. Nchi yake ni tambarare. Mahali pengi hapazidi mita 8 hivi kutoka usawa wa bahari. Mnazi mzima unapapita. Ardhi nyingi ni mawe ya matumbawe yenye ncha kali kama visu, kwa hiyo ndala hazifai, chukua viatu vigumu. Maji yakijaa, bahari huingia kwa nguvu kupitia milango michache. Yakipwa, sehemu kubwa ya ile bahari ya katikati hubaki kavu. Asiyejua saa za maji kupwa na kujaa atakwama na mashua yake mpaka maji yarudi. Watu wa pwani hamhitaji kuambiwa hilo.

Sasa tupange. Jambo la kwanza ni kibali. Aldabra haina kijiji. Wanaokaa huko ni wafanyakazi wachache tu, katika kituo cha utafiti kwenye kisiwa cha Picard. Anayetaka kwenda huomba ruhusa mapema kwa shirika la Shelisheli linalokitunza kisiwa. Uwanja wa ndege hakuna. Ulio karibu uko kwenye kisiwa kingine, Assumption, na kutoka hapo unapanda mashua. La sivyo, unakwenda kwa meli moja kwa moja. Miezi ya kusi bahari huchafuka, basi usiichague.

Jambo la pili ni mzigo. Hakuna duka, hakuna hoteli, hakuna hospitali. Maji ya kunywa ni ya mvua, na ndiyo ya wale wanaokaa pale. Mgeni aje na chake.

Jambo la tatu watu hulidharau, nasi ndilo tunalotaka mlishike. Kabla ya kushuka, safisha viatu, nguo na mifuko. Kwa nini? Mbegu moja iliyonasa katika soksi, au mdudu mmoja ndani ya kikapu, anaweza kukiharibu kisiwa. Haya si maneno ya kutisha watoto. Katika karne ya 19 watu walipeleka mbuzi Aldabra. Wafugaji mnamjua mbuzi: akiachwa hatabakiza jani. Mbuzi wakaongezeka, wakala vichaka. Kobe naye anahitaji kivuli saa za mchana. Akikosa kivuli kwenye jua kali, hupata joto ndani ya gamba lake mpaka anakufa.

Kazi ya kuwaondoa ilichukua miaka mingi. Mbuzi mmoja alifungwa shingoni chombo cha redio, akaachiwa. Kwa kuwa mbuzi hapendi kukaa peke yake, akawatafuta wenzake, na wawindaji wakamfuata. Mbuzi wa mwisho waliondolewa mwaka 2012. Paka nao walimmaliza kabisa pale Picard ndege mmoja asiyeweza kuruka, hata ikabidi mwaka 1999 aletwe tena kutoka kisiwa cha jirani, ambako alikuwa amesalia.

Hivi leo kobe wa Aldabra ni kiasi cha laki moja. Dume mkubwa anaweza kufikia kilo 250. Mwaka 1982 kisiwa kiliandikwa katika Urithi wa Dunia. Hata hivyo bahari bado inaleta uchafu. Mwaka 2019 watu walikaa huko wiki tano wakiokota takataka: nyavu, kamba za uvuvi, kandambili. Waliondoa tani 25, na nyingi zaidi zikabaki.

Na asiye na nauli ya Shelisheli je? Aende Unguja. Kutoka Mji Mkongwe, mashua hufika kisiwa cha Changuu kwa muda wa nusu saa hivi. Mwaka 1919 kobe wanne waliletwa huko kutoka Shelisheli kama zawadi, na mpaka leo kobe wa aina hiyo wapo.

Wenzetu wa vikundi vya kusoma, jadilianeni: Katika kijiji chenu, ni mmea au mnyama gani aliyeletwa na wageni akaleta hasara? Nani alimleta, na mlifanya nini? Andikeni majibu katika madaftari yenu.