SOMO: MCHEZO WENYE UTARATIBU NA MTOTO MDOGO



Sisi tunaoishi Nsambya, Katwe na Makindye, watoto wetu wengi wanashinda ndani. Chumba ni kimoja, nje kuna boda-boda na mitaro, na uliyemkimbia hujui kama naye hayuko Kampala. Hofu hiyo ni ya kweli. Lakini mwili wa mtoto hujengwa kwa kukimbia na kuruka. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka 5 hadi 17 achezeshe mwili walau dakika 60 kila siku, na wa miaka 3 na 4 dakika 180.

Mpira wa kavera wa kichochoroni ni mzuri, tusiudharau. Mchezo wenye utaratibu unaongeza saa inayojulikana, kanuni zilezile kwa wote, na mtu mzima anayewaita watoto kwa majina. Mtoto aliyeona nyumba ikiachwa usiku mmoja anahitaji kitu kinachorudi kila Jumamosi. Anajifunza kungoja zamu. Anajifunza kwamba filimbi ikilia watu wanasimama, na kwamba aliyekushinda si adui, mnapeana mikono. Sisi tuliotoka Kivu tunajua thamani ya somo hilo. Mbembe, Mfulero na Munyamulenge wakivaa jezi moja, wanaitana kwa Kiganda kabla wazazi wao hawajasalimiana! Hapa Kampala, ligi ya watoto iitwayo Kampala Kids League, iliyoanzishwa mwaka 1998, ilichanganya hivyo watoto wa matajiri na wa maskini.

Mfikirie Popole Misenga, aliyezaliwa Bukavu mwaka 1992. Vita vilimtenganisha na jamaa yake akiwa mtoto, akapelekwa Kinshasa, na katika kituo cha watoto waliohamishwa na vita akajifunza judo. Amesema judo ilimpa utulivu na nidhamu. Mwaka 2016 alikuwa Rio de Janeiro katika timu ya kwanza ya wakimbizi ya Olimpiki, akashinda pambano lake la kwanza. (Wengi wa watoto wetu hawatafika huko, wala si lengo.) Lakini Misenga amesimulia pia kwamba huko Kongo makocha walimfungia alipokuwa akishindwa mashindano. Basi utaratibu peke yake hautoshi.

Kwa hiyo, mzazi, kabla ya kumwandikisha mtoto nenda ukae pembeni ya uwanja. Je, kocha anatukana au kupiga? Wadogo wote wanacheza, au wenye nguvu tu? Kuna maji? Nani anawarudisha nyumbani?

Na wasichana? Zekaria 8:5, nabii akisema na watu waliorudi kutoka uhamishoni, anataja wavulana na wasichana wakicheza katika njia za mji. Binti wa miaka sita anaweza kuacha vyombo kwa saa moja. Kaka yake ataviosha.